Strungi

Kila Jumatatu, hospitali ya Ibra, chumba cha mazoezi,
Bindu hushika mkono wa kushoto wa shangazi yangu,
ule uliolala tangu Shaabani,
akausihi kwa Kiingereza cha kwao Kerala:
Strong, Mama! Strong!

Shangazi Thuwaiba ananigeukia.
Mdomo umekwenda upande, ulimi haujaenda popote.
"Mwambie sitaki chai.
Na kama ni lazima, atie maziwa.
Strungi nilikunywa Wete kwa sababu maziwa hayakuwapo,
sikuvuka bahari nije kuinywa hapa."

Mimi, mkalimani wa bure,
nimesimama na kiatu chake mkononi,
natafuta neno.

Nguvu? Nguvu ndizo zilizomtoka.
Kwetu huja kwa wingi na huisha kama mchele,
mtu akabaki anakung'uta gunia.
Hodari? Hodari ni mtoto aliyemaliza uji.

"Anataka uwe imara," nikasema.
Akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara,
ghorofa tano, tangazo la kupangisha.
"Imara ile pale. Hata wao huliita jina hilo.
Ina lifti, ina ufa. Mimi ni mtu."

Madhubuti, basi?
"Madhubuti!" Akacheka kwa shavu moja.
Miaka kumi na tisa aliuza kofia na udi
katika soko la Jumatano, la wanawake watupu,
na kila alipompa mteja chenji kamili, baisa kwa baisa,
aliambiwa neno hilo hilo.
"Hiyo ni hesabu iliyotoka sawa.
Mwangalie huyu mkono. Umetoka sawa?"

Bindu hajui kwamba tunabishana.
Anahesabu kwa Kiarabu cha kuokoteza,
wahed, thnen,
na kidole hakijibu.

Usiku nikafungua kamusi ya mwanangu.
Nilitegemea kukuta fahali, au chuma,
au jabali kama haya yanayotuzingira.
Nikakuta uzi.
Neno la nguvu na neno la uzi, kwa Waingereza wa kale,
huenda ni tumbo moja:
kitu kilichovutwa mpaka kikakaza.
Kamusi yenyewe imeandika *huenda*.
Nikaipenda kwa kusita kwake.

Makumbi ya nazi hapa utayatoa wapi?
Jumatatu nikaja na lifu la mtende, limeloweshwa,
ndani ya mfuko wa Lulu.
Akalinusa. "Hizi nywele za shetani," akasema,
"makumbi yetu yalikaa topeni miezi,
tukayaponda hadi yakalegea, ndipo yakakubali."
Lakini kiganja cha kulia kilikuwa kimeshaanza,
kinaviringisha juu ya paja,
sss, sss, juu ya kanga, mbele ya mashine za watu.

Kusokota kunataka mikono miwili:
mmoja unakwenda, mwingine unangoja.
Kamba ikafupika, ikajikunja, ikaomba kushikwa.
Sikumwambia kitu.
Bindu naye akaacha kuhesabu.

Vidole viwili. Kisha, polepole kama aibu, cha tatu.

"Strong," akasema Bindu, safari hii kwa kunong'ona,
kama mtu anayeuliza.
"Haya," shangazi akajibu, jasho juu ya mdomo,
"sasa alete hiyo chai yake."

Kibandani kwa mlango wa nje wanauza karaki,
nzito, ya maziwa, iliki imepondwa vibaya.
Bindu akatuambia kwamba karaki nalo, kwa Kihindi,
ni kali, ngumu, yenye nguvu.
Shangazi akapuliza. "Kwa hiyo ni strungi."
"Ndiyo, shangazi. Ila ina maziwa."
"Wangesema mapema."

Alikunywa kwa mkono wa kulia, akalalamikia sukari.
Wa kushoto ulikuwa mapajani na kipande cha kamba,
urefu wa shibiri, kimesokotwa kombo.
Bado umekishika.
Hakuna aliyeuambia uachie.